Kishikwambi hakisomi kadi: ya kufanya kabla ya kubonyeza "Fomati"

Kishikwambi kinapoandika kwamba kadi ina hitilafu na kukupa kitufe cha Fomati, yaani kufuta kilichomo na kuipanga kadi upya, hakijasema kadi imekufa. Kimesema tu kwamba kimeshindwa kuelewa kilichomo. Huenda shaba za kadi zina uchafu, huenda mafaili yamepangwa kwa mtindo ambao kifaa hicho hakiufahamu, huenda kadi ilifungwa kwa siri na kifaa kingine, au ilichomolewa ikiwa bado inaandikwa. Katika mengi ya hayo, picha na kazi zako bado zimo ndani. Ukibonyeza Fomati, tatizo dogo lililokuwa linatibika linageuka hasara. Kwa hiyo rudi nyuma kwanza, toa kadi, ichunguze.

Anza kwa kujua umeshika kadi gani. Memori ndogo inayoingia kwenye kishikwambi, yaani microSD, ina urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11. Laini ya simu (SIM) ya ukubwa wa kati, ile ya micro, ni 15 kwa 12. Zinakaribiana mno, na ndiyo maana watu hulazimisha moja kwenye nafasi ya nyingine. Laini ndogo kabisa, nano, ni 12.3 kwa 8.8, na ndiyo inayotumika kwenye vifaa vingi vya sasa. Ukiona kadi inagoma, usiisukume. Nafasi iliyoundwa kwa ajili yake huipokea kwa kidole kimoja.

Trei nyingi zina sehemu mbili, na ya pili mara nyingi ni ya kushirikiana: inabeba laini ya pili au memori, si vyote kwa pamoja. Tazama michoro midogo iliyochorwa kwenye trei yenyewe. Shaba zikae upande unaoonyeshwa, na kona iliyokatwa ilingane na kona ya trei. Tundu la kuchomeka sindano liko juu ya kifuniko cha trei. Tundu lililo peke yake kando ni la maikrofoni, na ukilichoma utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Kama laini yako ni nano na kifaa kinataka micro, fremu ya plastiki inayouzwa madukani inafaa, ila usiingize fremu tupu, wala usiiache laini ikichezacheza ndani yake. Pini za ndani ni nyembamba, zenye springi. Fremu ikizinasa wakati wa kutoa, zinapinda au kukatika, na hapo ni kazi ya fundi mwenye darubini. Ubaya wa laini zilizokatwa kwa mkasi uko hapo hapo, kwa sababu micro na ile kubwa ya zamani zina unene wa milimita 0.76 huku nano ikiwa 0.67. Laini nene kwenye trei ya nano hukwama. Badilisha laini kwa wakala, usiikate.

Uchafu unashughulikiwa haraka. Zima kifaa, toa kadi, futa shaba kwa kitambaa laini kikavu au kilichoguswa spiriti kidogo, subiri ikauke, rudisha, washa. Ufutio wa penseli unasaidia shaba zilizofifia, mradi usugue taratibu na kupuliza vumbi lake lote kabla ya kurudisha kadi. Usipitishe kitambaa chenye maji ndani ya nafasi ya kadi.

Ikiwa bado hakisomi, hatua inayofuata ndiyo inayookoa muda kuliko zote: badilishana. Weka memori hiyo kwenye kifaa kingine, kisha weka memori nyingine nzima kwenye kishikwambi chako. Kama memori yako inasomeka kwingine, kosa liko kwenye kishikwambi au kwenye mpangilio wa mafaili. Kama haisomeki kwingine na kishikwambi kinasoma memori nyingine, kosa liko kwenye memori yako. Bila jaribio hili utakuwa unabahatisha, na utamlipa fundi kwa kubahatisha.

Tuseme memori inasomeka kwenye kompyuta lakini kishikwambi kinaikataa. Hapo mshukiwa wa kwanza ni mpangilio wa mafaili. Memori za GB 4 hadi 32 hutoka kiwandani na mpangilio wa FAT32. Kuanzia GB 64 hutoka na exFAT. Vishikwambi vya bei nafuu vya miaka ya nyuma vingi havikuwekewa uwezo wa kusoma exFAT, kwa hiyo kadi mpya ya GB 64 inaonekana "mbovu" tangu siku ya kwanza. Memori iliyofomatiwa NTFS kwenye kompyuta nayo hukataliwa na vifaa vingi vya Android. Dawa ni kunakili kila kitu kwenye kompyuta, kisha kufomati kwa mpangilio ambao kifaa chako kinaukubali, ikiwezekana ndani ya kifaa hicho hicho. Dirisha la kawaida la Windows la kufomati limekuwa likikomea GB 32 kwa FAT32, kwa hiyo kadi kubwa zaidi inahitaji programu nyingine.

FAT32 ina mpaka wake ambao huwasumbua sana walimu: haipokei faili moja linalofikia GB 4. Shule isiyo na intaneti ikitaka kuweka maktaba ya Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia nzima ndani ya faili moja, faili kubwa litakataa kunakiliwa na kompyuta itasema faili ni kubwa mno hata kama kuna nafasi ya kutosha kwenye kadi. Nafasi ipo. Kinachokataa ni FAT32. Fomati kadi kwa exFAT kama vishikwambi vya shule vinaisoma, na kama havisomi chagua maktaba ndogo zaidi. Jaribu kishikwambi kimoja kwanza kabla ya kuandaa kadi arobaini.

Kuna memori ambayo inafanya kazi vizuri kwenye kishikwambi kimoja na kuonekana tupu au mbovu kwingine kote. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya vifaa hukuuliza unapoweka kadi mpya: uitumie kama hifadhi ya kuhamishika, au kama hifadhi ya ndani? Ukichagua ya ndani, kifaa huifomati upya na kuifunga kwa ufunguo unaobaki ndani ya kifaa hicho. Kadi hiyo imeolewa. Kishikwambi kikiharibika au kikirudishwa katika hali ya kiwandani, ufunguo unapotea na hakuna fundi atakayeyafungua mafaili. Vishikwambi vya Samsung vina chaguo la kusimba kadi, yaani kuifunga kwa ufunguo kama huo, kwenye mipangilio ya usalama, nalo lina matokeo yale yale, kwa hiyo ondoa usimbaji kabla ya kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kwa picha, vitabu na kazi za ofisi, ushauri wetu ni hifadhi ya kuhamishika bila kusita. Hifadhi ya ndani inafaa tu pale kifaa kina GB 8 au 16 na programu hazienei, tena kwa kadi yenye alama ya A1 au A2. A1 ina maana kadi inaweza kusoma vipande vidogo vya data mara 1,500 kwa sekunde na kuandika mara 500. Kadi isiyo na alama hiyo inaweza kuwa na kasi nzuri ya kurekodi video lakini ikafanya programu zijikokote.

Namba nyingine zinazoandikwa kwenye kadi hazina fumbo. Herufi C yenye 10 ndani, au U yenye 1 ndani, ni uhakika wa kuandika angalau MB 10 kwa sekunde. U yenye 3, au V30, ni MB 30. Zile "MB 100 kwa sekunde" zilizoandikwa kubwa ni kasi ya juu ya kusoma, na haisemi chochote kuhusu kuandika.

Memori feki zinahitaji kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu zimejaa sokoni na zinaumiza watu kimyakimya. Mtengenezaji huchukua kadi ya GB 8, hubadilisha maelezo kwenye kidhibiti chake cha ndani, na kadi inajitambulisha kuwa na GB 256 au hata TB 1. Kishikwambi kinaamini. Unaweka picha, zinaonekana vizuri. Baada ya GB 8 za mwanzo, kadi inaandika juu ya data ya zamani au inatupa data mpya, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana. Utagundua siku utakapofungua picha ya harusi na kukuta kijivu. Kuangalia ukubwa kwenye mipangilio hakukusaidii, maana namba hiyo ndiyo iliyodanganywa. Njia ya kuaminika ni kuijaza yote na kuisoma tena: H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, zote za bure. Fanya hivyo siku ya kununua, kadi ikiwa tupu, na tenga muda. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuandika GB 64 peke yake huchukua karibu saa 1 na dakika 47, kabla ya kusoma. Usiichanganye hali hiyo na kadi halali ya GB 64 inayoonyesha 59 hivi. Huo si wizi: kiwandani wanahesabu kwa elfu, na baadhi ya vifaa huhesabu kwa 1,024.

Dalili moja zaidi ya kuifahamu: unafuta mafaili, yanatoweka, unazima na kuwasha, yamerudi yote. Au unafomati, inakubali, halafu hakuna kilichobadilika. Kadi hiyo imechakaa, na kidhibiti chake kimejifunga isiandikwe tena. Haitengenezeki. Nakili yaliyomo leo, kisha nunua nyingine. Ila kama unatumia adapta kubwa ya SD kwenye kompyuta, angalia kwanza kiswichi kidogo cha pembeni, kwani kikiwa upande wa kufuli hutoa dalili inayofanana.

Kama memori inasomeka nusunusu, nakili kwanza unachoweza. Baada ya hapo, kwenye Windows, amri ya chkdsk ikifuatiwa na herufi ya kadi na /f, kwa mfano chkdsk E: /f, hurekebisha orodha ya mafaili iliyovurugika. Kwa picha zilizofutwa kwa bahati mbaya, acha kutumia kadi papo hapo, kisha tumia PhotoRec kwenye kompyuta, na uhifadhi inachokipata mahali pengine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Kila picha mpya unayopiga inaweza kukalia nafasi ya ile unayoitafuta.

Uvurugikaji huo mwingi unatokana na kuchomoa kadi kifaa kikiwa kinaandika. Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi, bonyeza alama ya kutoa kando ya jina la kadi, subiri kithibitishe. Kama hupaoni, zima kifaa kabisa.

iPad haina nafasi ya memori. Inatumia kisoma kadi kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, na tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019 mafaili ya aina zote huonekana kwenye programu ya Files. Kwa Android, kisoma kadi kinahitaji kifaa kinachokubali OTG, yaani chenye uwezo wa kusoma vitu vinavyochomekwa kwenye tundu la chaji, na kwa vile vyenye tundu la zamani la micro-USB, waya uwe wa OTG hasa, kwa kuwa ndani yake kuna pini iliyounganishwa tofauti na waya wa kawaida wa chaji. Kishikwambi cha kazini, kama vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 Tanzania na baadaye kugawiwa walimu, kinaweza kuwa kimezuiwa na mwajiri kusoma kadi za nje. Ukijaribu kadi tatu nzima na zote zikakataliwa, muulize afisa TEHAMA wako kabla ya kulaumu tundu.

Tuje kwenye laini. Swali la kwanza: kishikwambi chako kina uwezo wa laini kweli? Vya Wi-Fi pekee havina namba ya IMEI, ile inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao wa simu. Itafute kwenye Mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa. Isipokuwepo, laini haitafanya kazi hata ukipata pa kuichomeka.

Laini ikisomeka lakini intaneti haitoki, washa hali ya ndegeni kwa sekunde 10 na uizime, hakikisha data ya simu imewashwa, kisha tazama APN, yaani jina la njia ambayo kifaa hupitia kwenye mtandao wako kufika intaneti. Kwa Safaricom, APN ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data. Kwa mitandao mingine waombe huduma kwa wateja wakutumie mipangilio. Laini ya miaka mingi iliyotolewa kabla ya 4G hubaki 3G hata kwenye kifaa kipya, hadi uibadilishe kwa wakala, na namba inabaki ile ile. Kishikwambi ulicholetewa na ndugu kutoka Marekani au Ghuba kinaweza pia kuwa kimefungwa kwa mtandao wa huko. Dalili yake ni kudai namba ya kufungulia mara tu unapoweka laini ya nyumbani.

Vishikwambi vingi havina sehemu ya kupiga namba zenye nyota na reli, na iPad haina kabisa. Kwa hiyo huwezi kununua bando wala kutuma pesa humo kwa kupiga namba hizo. Weka laini kwenye simu, nunua bando, irudishe. Bando hufuata laini, halifuati kifaa. Ukiwa kwenye simu hiyo, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, inafanya kazi Tanzania na Kenya.

Tahadhari ya PIN. Kishikwambi kikiomba PIN ya SIM, kinataka ya laini, si ile unayofungulia skrini. Ukikosea mara 3, kinaomba PUK, namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PUK mara 10, laini inakufa moja kwa moja. Simama baada ya kosa la pili, mpigie mtoa huduma.

Kadi za kugusa, za benki au za vitambulisho vya kazini, zinasomwa kwa NFC, yaani mawasiliano ya redio ya karibu sana, ndani ya sentimita 4 hivi, na vishikwambi vingi havina NFC kabisa. Kama chako kinayo, toa kava lenye chuma au sumaku na usogeze kadi polepole mgongoni mwa kifaa hadi uipate sehemu yenye antena. Ukishaipata, weka alama kwa kipande cha karatasi yenye gundi, ili anayefuata asianze kutafuta upya.