Miasthenia gravis: pumzi inapoishiwa nguvu na wewe uko hospitalini

Ugonjwa huu hufanya nini mwilini?

Neva huamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa mwenye miasthenia gravis, kinga ya mwili hushambulia mahali msuli unapopokea amri hiyo. Msuli ukipumzika hupata nafuu, ukitumika huchoka: kope zinashuka, unaona vitu viwiliviwili, kutafuna nyama kunakushinda katikati ya mlo. Ugonjwa huu hauambukizi. Wala si uvivu, ingawa wengi huitwa wavivu kabla ya kugunduliwa.

Ni wakati gani inakuwa dharura?

Misuli ya kupumua au kumeza inapoanza kushindwa. Hali hii huwapata kama asilimia 15 hadi 20 ya wagonjwa, mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na kichocheo kikubwa ni maambukizi, hasa ya kifua. Unakatiza sentensi ili uvute pumzi, huwezi kulala chali, sauti inatokea puani, maji yanakupalia, shingo haibebi kichwa. Usisubiri kupambazuke.

Nyumbani, vuta pumzi ndefu kisha hesabu kwa sauti, haraka kiasi, bila kuvuta nyingine. Fanya hivyo siku ukiwa mzima ili ujue kawaida yako. Hesabu ikishuka sana, au usipofika 20, nenda hospitali. Ukifika 20 na dalili zipo, nenda vilevile.

Nesi amenipima kidoleni, anasema oksijeni ni 97, niko sawa. Ni kweli?

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotezewa muda. Kipimo cha kidoleni hupima oksijeni iliyomo kwenye damu, hakipimi nguvu ya kupumua. Mapafu yenyewe huenda ni mazima. Kinachochoka ni mivukuto, yaani misuli inayoyajaza hewa. Oksijeni inaweza kubaki nzuri hadi dakika za mwisho, huku hewa chafu ikijikusanya katika damu. Daktari akisikiliza kifua huenda asisikie tatizo lolote. Isitoshe, misuli ya uso nayo imelegea, kwa hiyo mtu anayekosa pumzi anaonekana ametulia tu, kama mwenye usingizi.

Omba upimwe ujazo wa pumzi kwa spirometa, na kipimo kirudiwe kila baada ya saa chache. Ukiwa chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito (yaani lita 1.2 kwa mtu wa kilo 60), unapaswa kuwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Kama hakuna spirometa, wakupime kwa kile kipimo cha kuhesabu kwa pumzi moja, na waone kama unaweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Niseme nini bila kugombana?

Maneno machache, kwa sababu pumzi yenyewe haitoshi: “Dokta, nina miasthenia gravis. Misuli yangu ya kupumua inachoka. Naomba nipimwe ujazo wa pumzi, na daktari wa mishipa ya fahamu apigiwe simu.” Msindikizaji wako ayajue maneno hayo pia. Ukiambiwa ni wasiwasi tu, aombe kwa adabu daktari mkuu wa zamu, na aombe iandikwe kwenye faili kwamba kipimo kiliombwa. Ombi lililoandikwa hupuuzwa kwa shida zaidi.

Dawa zipi niwatahadharishe?

Kwinini na klorokwini, antibiotiki kama gentamisini, siprofloksasini, azithromisini na erithromisini, propranololi, na magnesiamu ya mshipani, ambayo wodi ya wazazi huitoa kwa kifafa cha mimba. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya atesunati, kwa hiyo kwinini isiwe jambo la kwanza kufikiriwa. Ukipasuliwa, mtaalamu wa usingizi ajue mapema, maana dawa za kulegeza misuli hufanya kazi tofauti kwako. Beba kadi yenye majina ya dawa hizi kama yalivyo kwenye boksi.

Nikizidiwa, niongeze vidonge vya piridostigmini, dawa yangu ya kuipa misuli nguvu?

Hapana. Vikizidi navyo hulegeza misuli, pamoja na mate mengi, jasho, kuhara na misuli kuchezacheza. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, nayo usiikatize ghafla.

Hospitali itanifanyia nini?

Kwanza kukusaidia kupumua, kwa barakoa au mpira wa kooni na mashine. Kisha kubadilishiwa utegili (plazma, sehemu ya majimaji) wa damu, au dripu ya kingamwili, gramu 2 kwa kilo zikigawanywa kwa siku 2 hadi 5. Piridostigmini huenda ikasimamishwa ukiwa kwenye mashine. Matibabu haya ni ghali na hayapo kila mahali, basi ndugu waulize siku hiyohiyo kuhusu bima na rufaa. Ukihamishwa, iwe kwa gari la wagonjwa lenye mtu anayeweza kukupumulisha njiani.

Kabla ya mpira kuwekwa, kubalianeni ishara ya mkono ya ndiyo na hapana. Wodi nayo iambiwe kwamba kope zako zikishindwa kufunguka, bado unasikia kila kinachosemwa.