Hapana, breki za mbele hazitalipindua bagi lako

“Fundi, mbele acha hivyo hivyo. Ukiweka breki litanibinua.”

Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, siku hizi naimalizia mwenyewe kabla mteja hajafika katikati. Mtu analeta bagi, kigari chepesi cha wazi cha kupita nje ya lami, kwa sababu halisimami, halafu anaogopa dawa kuliko ugonjwa. La mwisho nililoletewa lilikuwa na ekseli ya mbele ya Volkswagen Beetle, spindo (vyuma vinavyobeba magurudumu) tupu kabisa bila breki, na nyuma dramu, zile ngoma za breki zinazozunguka na gurudumu, zilizolika mpaka zimekuwa na ukingo unaokwaruza ukucha. Mwenyewe alikuwa ameshaingia kichakani mara mbili. Alichotaka? Niongeze nguvu nyuma.

Hofu hii nadhani imetoka kwenye pikipiki. Mtu alikamata breki ya mbele siku moja, akaruka juu ya usukani, na tangu hapo breki ya mbele ni shetani. Lakini pikipiki ni fupi na mpandaji amekaa juu. Bagi ni refu, limeinama chini, na injini imekaa nyuma. Tupige hesabu, maana maneno matupu yameshashindwa.

Chukua bagi la kilo 600 pamoja na dereva. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.4, kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka chini, na asilimia 60 ya uzito imelala nyuma. Ili lipige mweleka kwa pua kwenye ardhi tambarare kwa sababu ya breki tu, lingehitaji kupunguza mwendo kwa g 2.4 (g moja ni kasi ambayo kitu kinachoanguka huongeza mwendo). Tairi kwenye udongo mkavu mgumu likijitahidi sana linatoa kama g 0.7. Funga hata breki za lori huko mbele ukipenda. Tairi litaanza kuburuzika zamani kabla mkia haujafikiria kunyanyuka.

Sasa tazama kinachotokea unapokanyaga. Likiwa limesimama, bagi hilo lina kilo 240 mbele na 360 nyuma. Likipunguza mwendo kwa g 0.7, kilo 105 zinahamia mbele: mbele zinakuwa 345, nyuma zinabaki 255. Yaani gari unalosema “uzito wote uko nyuma” limeegemea mbele pale pale unapohitaji breki. Na wewe mbele huna kitu.

Ukiwa na breki za nyuma peke yake, kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyoziondolea uzito tairi zile zile zinazofanya kazi. Kwenye ardhi hiyo hiyo utaambulia g 0.36 hivi. Kutoka kilomita 60 kwa saa, magurudumu manne yatakusimamisha kwa takriban mita 20. Mawili ya nyuma yatataka karibu 40. Hapo sijahesabu muda wa mguu kufika kwenye pedali. Kuweka breki kubwa zaidi nyuma hakubadilishi chochote, kwa sababu tairi za nyuma zilikuwa zinaburuzika hata na zile mbovu.

Kwenye mteremko ndiko watu wanakoniletea hadithi za “breki zilikata”. Breki hazikukata. Weka bagi hilo kwenye mteremko wa nyuzi 20, juu ya changarawe legevu ambako mshiko wa tairi ni 0.5 hivi ya uzito ulio juu yake. Uzito unaolivuta kuteremka ni kama kilo 205. Tairi za nyuma, zikiwa zimepunguziwa mzigo, zinaweza kushikilia kama kilo 143 tu. Kanyaga mpaka pedali ipinde, bagi litaendelea kuongeza mwendo huku magurudumu ya nyuma yamesimama dede. Magurudumu yote manne yangeshikilia kama kilo 280, na ungeteremka kwa utulivu. Nimewahi kukaa kiti cha abiria kwenye hali hiyo. Dereva alikuwa ananitazama mimi badala ya njia.

Na kupinduka je? Kupo, ila kunapita mlango mwingine. Tairi linaloburuzika bila kuzunguka halina tena mshiko wa pembeni. Nyuma zikiburuzika wakati mbele zinazunguka huru, mkia unataka kutangulia. Gari linageuka ubavu, tairi linakita kwenye jiwe au ukingo wa njia, linaviringika. Mbele zikianza kuburuzika, usukani unakuwa mzito wa kusikia na gari linakwenda moja kwa moja. Si raha, lakini unaachia kidogo linarudi mkononi. Kwa hiyo ile hali unayoikimbia unaitengeneza mwenyewe kwa kuacha mbele patupu.

Nitawapa haki yao watu wa mchangani. Bagi jepesi la matuta ya mchanga, tairi nyembamba za mbele, mchanga wenyewe unalisimamisha ukiachia mafuta. Hapo breki ya mbele inachimba na kusukuma mchanga kuliko kusaidia, na uzito wake pale mbele ni hasara. Desturi ya kuacha spindo tupu imetoka huko. Shida ni kwamba watu wameibeba desturi hiyo mpaka kwenye mawe, matope na barabara za vumbi. Meyers Manx, bagi lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo wengi wanaliiga bila kujua, katika toleo lake lililoenea lilipanda juu ya chasisi ya Beetle iliyofupishwa, na Beetle ina breki magurudumu yote manne.

“Basi niwekee breki za kugeuzia.” Zile leva mbili za mkono zinazokamata gurudumu moja la nyuma kwa wakati ni nzuri sana kwenye kona za mchanga. Ni za kugeuza. Jina lake linajieleza.

“Dramu ni takataka, lazima diski.” Kama ekseli yako ni ya Beetle, breki za bei nafuu kuliko zote ni dramu zilizotoka nayo kiwandani. Zirudishe. Shuu ya mbele, kile kiatu kinachobana dramu kutoka ndani, inajivuta yenyewe kwenye mzunguko, kwa hiyo haitaki presha kubwa, na kwa bagi la kilo 600 zinatosha kabisa zikiwa kavu na zimerekebishwa. Udhaifu wake ni maji na matope. Kama kila wikendi unavuka mito, hapo tuongee diski.

Ukienda kwenye diski, ushauri wangu ninaoung'ang'ania mpaka wateja wanachoka ni huu: kalipa (kibanio kinachobana diski), diski na pedi zitoke kwenye gari moja dogo, kwa yadi ya vyuma chakavu. Zilizaliwa pamoja, unene unaelewana, na pedi utazipata mwaka ujao. Kabla hujalipa, vaa rimu yako juu yake uone kama inazunguka bila kugusa kalipa. Wanaoniletea kalipa za pikipiki ndogo nawaelewa, ni nyepesi na zinapatikana kirahisi, lakini bagi hilo kwenye kilomita 60 kwa saa linabeba nishati mara tatu ya pikipiki ndogo na mpandaji wake. Diski nyembamba inageuka buluu, halafu inapinda.

“Masta kubwa ndiyo breki kali.” Kinyume chake. Ukitoka masta (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) yenye kipenyo cha milimita 19 kwenda ya 22, mguu ule ule unatoa presha pungufu kwa karibu robo. Pedali inakuwa ngumu, mteja anatabasamu, “sasa zimekaza!” Kilichokaza ni pedali. Masta ndogo inatoa presha zaidi ila inataka safari ndefu, na ikiwa ndogo kupita kiasi pedali itafika sakafuni kabla kalipa hazijashiba. Bila busta (kisaidizi cha mguu), uwiano wa pedali wa 6 kwa 1, yaani nguvu ya mguu mara sita, ni mahali pazuri pa kuanzia. Na iwe masta ya njia mbili, mbele na nyuma mbalimbali, ili hosi moja ikipasuka usibaki na dua tu.

“Breketi ni breketi, chomelea tu.” Hapa napoteza ustaarabu. Kwa bagi letu, kila kalipa ya mbele inaposhika sawasawa inasukumwa na nguvu inayokaribia uzito wa kilo 360. Nililetewa breketi, sahani ya kushikilia kalipa, iliyokatwa kwenye bati la milimita 4. Ukikanyaga, unaiona kwa macho ikijipinda, kalipa inalala upande, pedi imelika kama kabari. Tumia sahani ya milimita 10, boliti za daraja 8.8 kwenda juu, na usiichomelee spindo yenyewe. Ile ni chuma cha kufua, joto la kuchomelea linakiharibu pale pale kinapobeba gurudumu. Na kabla ya yote hayo shika tairi uitikise. Kama tairodi (fimbo za usukani) zinacheza, breki mpya za mbele zitauvuta usukani kushoto na kulia, na lawama zitakuja kwangu.

“Nimetoa hewa siku nzima, pedali bado laini.” Tazama nati ya kutolea hewa imeangalia wapi. Kijana mmoja alimaliza karibu lita nzima ya mafuta ya breki, jasho linamtoka, kumbe kalipa ya kulia ameifunga kushoto na ya kushoto kulia. Nati zilikuwa chini, hewa imekaa juu kwenye kalipa imestarehe. Tulizihamisha kalipa pande, dakika kumi kazi ikaisha. Kama nati ziko juu na pedali bado inazama asubuhi ya kwanza, masta yako iko sakafuni chini ya usawa wa kalipa na mafuta yanarudi. Inataka kivalvu cha kubakiza presha: psi 2 (psi ni kipimo cha presha) kwa diski, psi 10 kwa dramu. Usivichanganye, psi 10 kwenye diski inaziacha pedi zimekumbatia.

Mafuta ya breki: DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. Oili ya injini inavimbisha raba zote, na ndiyo, kuna watu huweka.

Hosi za mbele uzipime bagi likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, usukani umekatwa mpaka mwisho upande huu, kisha ule. Ikivutika au ikigusa tairi hata kidogo, badilisha urefu au njia yake.

Halafu tafuta uwanja mtupu. Nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, na mtu asimame pembeni, mbali kidogo, atazame tairi zipi zinaburuzika kwanza. Mbele zikitangulia kwa nywele tu, acha hivyo hivyo. Nyuma zikitangulia, kivalvu cha kugawa presha kiwe kwenye paipu ya nyuma, ukipunguze robo mzunguko, urudie. Mbele zikitangulia mno, kihamishie mbele, maana chenyewe hakiongezi presha popote, kinapunguza tu pale kilipofungwa. Kwa kawaida inachukua mizunguko sita au saba ya uwanja, na mteja wangu wa spindo tupu alichukua kumi na moja kwa sababu kila mara alikuwa anakanyaga kwa woga, akisubiri kubinuka.