Sanpo: matembezi yasiyo na haraka katika vichochoro vya Tokyo

Mjapani akikuambia anakwenda sanpo, usimwulize anakwenda wapi. Neno hili huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ina maana ya kutawanya, ya pili ni hatua. Hatua zilizotawanyika, basi. Kwetu jamaa yake wa karibu ni kupunga hewa. Kuzurura hakufai, kwa sababu kumebeba lawama, na sanpo haina lawama hata kidogo. Mzee aliyetoka kunyoosha miguu yuko kwenye sanpo, na anayemtembeza mbwa wake pia.

Ukitaka kuielewa vizuri, shuka kituo cha Nippori, kwenye reli ya Yamanote inayouzunguka mji, utokee upande wa magharibi. Hapo unaingia Yanaka. Mahekalu ya Kibuddha ni mengi mno, zaidi ya 70, na mengi yalihamishiwa huku baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657. Mtaa huu ulinusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la 1923 na mabomu ya 1945, ndiyo maana bado una sura ambayo Tokyo kwingine imeipoteza. Makaburini, chini ya micheri, amezikwa Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho, yaani mtawala wa mwisho wa kijeshi wa Japani.

Watalii wengi huishia Yanaka Ginza, njia ya maduka ya mita 170 hivi. Mimi naona utamu wenyewe uko nyuma yake, kwenye roji, yaani vichochoro. Sheria ya ujenzi ya 1950 inataka barabara iliyo mbele ya nyumba iwe na upana wa mita 4. Roji nyingi ni za zamani kuliko sheria hiyo na hazifikii kipimo, kwa hiyo anayejenga upya analazimika kurudi nyuma kidogo. Ukitazama chini utaona kuta hazinyooki: nyumba mpya imerudi ndani, jirani yake ya mbao bado imejitokeza.

Nyumba hizo hazina bustani, hivyo bustani imehamia mlangoni. Vyungu vimepangwa hadi ukingoni mwa njia, na vingine si vyungu hata, ni yale makasha meupe mepesi ya kubebea samaki, yametobolewa chini na kujazwa udongo. Majira ya joto asagao, mmea wa maua utambaao, hupanda vijitini. Maua yake hufunguka alfajiri na kunyauka kabla jua halijawa kali. Anayepita mchana hayaoni. Sauti ishushwe pia, maana sebule ya mtu iko hatua moja kutoka begani mwako.

Kuna njia moja iitwayo Hebi-michi, Njia ya Nyoka. Inapinda na kupinda tena bila sababu ya kuonekana, mpaka uambiwe kwamba chini yake umefunikwa mto Aizome. Unafuata mikondo ya maji yasiyoonekana tena, na hapo hapo unatembea kwenye mpaka wa wilaya mbili, Taito na Bunkyo.

Kupotea ni rahisi, kwani anwani za Japani hufuata vitalu na njia nyingi hazina jina. Wenyeji huelekezana kwa alama. Maarufu Yanaka ni mwerezi wa Himalaya uliosimama njia panda, umelifunika duka dogo lililo chini yake. Wanasimulia kwamba zamani ulikuwa mche ndani ya chungu, umewekwa mbele ya mlango.