Kukataa risiti hakukuondolei VAT

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp nchini Kenya: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni kodi ya wafanyabiashara, kwa hivyo ukinunua bila risiti huilipi. Si kweli.

VAT hubebwa na mnunuzi wa mwisho. Duka huikusanya tu. Chukua blanketi la shilingi 1,160: 1,000 ni bei, 160 ni kodi ya asilimia 16. Kama mwenye duka alilinunua kwa 696, tayari alilipa 96 ya kodi, hivyo anawasilisha serikalini 64 zilizobaki. Ukiondoka bila risiti bado umetoa 1,160. Tofauti ni kwamba hakuna anayeweza kujua zile 64 zimeishia wapi.

Kinachochanganya watu ni kwamba bei ya rafu huwa imeshajumlisha kodi, na anayejaza ritani, yaani fomu ya kodi, ni mwenye duka. Tena, si kila duka hutoza: usajili wa VAT ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mama mboga hayumo.

 

Jikagulie mwenyewe: chukua risiti ya supamaketi, zidisha jumla ya bidhaa zenye VAT kwa 16, gawanya kwa 116, ulinganishe na kodi iliyoandikwa chini. Na ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.