Kingamwili nyingi si dalili ya ushindi

Wengi huamini kwamba kingamwili zikiwa nyingi kwenye damu, mwili umeshamdhibiti mdudu. Kwa vimelea wanaoishi ndani ya seli, imani hiyo hupotosha. Mgonjwa wa kala-azar, ugonjwa unaoletwa na kimelea Leishmania, huwa na kingamwili tele huku bandama likizidi kuvimba. Na akishapona, kipimo cha kingamwili chaweza kubaki chanya kwa miaka, ndiyo maana hakifai kuthibitisha kupona.

Sababu ni mahali. Kingamwili hufanya kazi nje ya seli; haivuki utando kumfuata Leishmania, ambaye hukaa ndani ya makrofaji, yaani seli ileile iliyopaswa kummeza na kummeng'enya. Anayeamua mambo hapa ni seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga. Seli za dendriti, walinzi wanaokusanya vipande vya vimelea, huionyesha seli T vipande hivyo na kutoa interleukini-12, kemikali ya ishara. Seli T ya CD4, ile inayoratibu kinga, hugeuka kuwa aina inayoitwa Th1 na kumwaga interferoni gama, ishara inayoiamuru makrofaji iue. Makrofaji ikiipokea, huwasha kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki, sumu inayomuua kimelea humohumo alimojificha. Interleukini-10, ishara inayotuliza kinga, ikizidi, amri hiyo hufifia na vimelea huzaana.

Toksoplazma, kimelea mwingine anayeishi ndani ya seli, huonyesha jambo hilo waziwazi: hulala kwenye vifuko ubongoni maisha yote, na kwa mwenye VVU huamka hasa CD4 zikishuka chini ya 100 kwa mikrolita ya damu, ingawa kingamwili bado zipo.

Malaria ina utaratibu wake. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala haionyeshi vipande vya kimelea kwa seli T za CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, hivyo huko kingamwili zina kazi kubwa.