Kivuli cha mvua: Mlima Meru na pande zake mbili

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, mpaka Ngaramtoni bado uko kwenye kijani: migomba, kahawa, mahindi. Endelea kidogo. Ukifika Oldonyo Sambu migomba imekwisha, migunga imeshika nafasi yake na vumbi linaingia dirishani. Saa nzima haijapita, na Mlima Meru ni ule ule, upande wako wa kulia. Umeingia katika kivuli cha mvua.

Jina hili huwapoteza wengi, wakadhani ni eneo ambalo mlima umelizibia jua. Jua la huko ni kali kweli kweli. Kinachozibwa ni mvua.

Pepo za Bahari ya Hindi huja bara zikiwa zimebeba mvuke. Zikikutana na Meru, wenye mita 4,566, sehemu ya hewa hiyo hulazimika kupanda. Ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama ile ya joto. Mvuke unakuwa wingu, wingu linakuwa mvua, na mvua inaishia kwenye miteremko ya kusini na kusini-mashariki, juu ya Tengeru na Usa River. Mabaharia wa pwani wana maneno mazuri ya pande hizi mbili: upande unaopigwa na upepo ni wa joshini, uliokingwa ni wa demani. Kivuli cha mvua kiko demani.

Huko demani hewa haifiki kavu tu, hufika na joto pia, na hapa ndipo maelezo mengi hukatishwa mapema. Hewa isiyo na wingu hupoa takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazopanda. Ikishakuwa wingu hupoa nyuzi 5 au 6 tu, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto. Tuseme hewa ya nyuzi 25 inaanza kwenye mita 1,400, inafanya wingu kwenye mita 2,000 ikiwa na nyuzi 19, na inafika mita 4,000 ikiwa na nyuzi 9 hivi. Ikishuka upande wa pili bila wingu, kila mita 1,000 inairudishia nyuzi 10. Ikifika tena mita 1,400 ina nyuzi 35. Meru umesimama peke yake, kwa hiyo upepo mwingi huuzunguka badala ya kuuvuka, na tofauti halisi huwa ndogo kuliko ya hesabu hii. Mwelekeo wake lakini ni huo huo.

Mpanda mlima huyaona haya kwa miguu yake. Njia inaanzia Momela, inapita msitu wenye ukungu hadi Miriakamba, kituo cha kulala cha kwanza, ambako nyuzi za kijivu zinaning'inia matawini kama ndevu. Kesho yake unalala kwenye mita 3,570 hivi, na usiku wa manane unaanza kufuata ukingo wa kreta. Waongozaji wanakuhimiza ufike kileleni alfajiri, na si kwa ajili ya kuiona Kilimanjaro tu: jua likishapasha miteremko, hewa inapanda, na mara nyingi mawingu yanaufunika mlima kabla ya mchana. Ukiwahi, kusini unaona kijani cha Arusha, na kaskazini nyika ya rangi ya majani makavu kuelekea Longido.

Wakulima wa Ngarenanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, wako kwenye ukavu huo, na bado wanalima nyanya. Hawategemei wingu. Maji yanayonyesha juu mlimani huzama ardhini, hutokeza chini kama chemchemi na vijito, kisha huelekezwa mashambani kwa mifereji.