Mikono katika kunuti ya witri: lini, kiasi gani, na wapi tunakosea

Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, kunuti ya witri (dua inayosomwa kwa kusimama katika swala ya witri, inayofunga swala za usiku) huanza usiku wa mwezi 16 Ramadhani, yaani jioni ile ile tunapofuturu siku ya 15. Kila mwaka usiku huo wa kwanza misikitini mwetu Mwanza, Kirumba hata Igoma, kuna maamuma, wanaoswali nyuma ya imamu, wanaoporomoka kwenda sijida wakati imamu bado amesimama. Ni mazoea tu: nusu mwezi mzima mwili umekuwa ukitoka itidali, kule kusimama wima baada ya rukuu, moja kwa moja hadi chini. Aliyeshuka kwa kusahau anyanyuke amfuate imamu, na swala yake ni salama.

Mahali pa kunuti ni itidali ya rakaa ya mwisho. Nyanyuka kutoka rukuu ukiinua mikono kama kawaida, sema "Rabbana lakal hamdu", tulia, ndipo uinue mikono ya dua. Ni miondoko miwili, usiiunganishe. Viganja vielekee juu, mikono iwe usawa wa mabega. Kuviweka viganja pamoja au kuviachanisha kidogo, vyote vinafaa. Kinachokataliwa waziwazi, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ni kuinua macho mbinguni ndani ya swala, na ndicho ninachokiona sana kwa vijana wenye hamu: mikono juu ya kichwa, uso umeelekea dari. Macho yabaki mahali pa kusujudu.

Dua yenyewe ni ile Mtume (s.a.w.) aliyomfundisha mjukuu wake Hasan bin Ali, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Ina maombi matano, kuanzia "Allahumma-hdini" hadi "wa qini sharra ma qadhayta". Imamu aseme "ihdina" (tuongoze), kwa wingi, kwa sababu anaomba kwa niaba ya watu. Kujiombea peke yake huku safu nzima ikiitikia ni kuwanyima haki yao. Maamuma husema "amina" katika maombi hayo. Ikifika "fa innaka taqdhi", maombi yamekwisha na sifa zimeanza: hapo isome kimya kimya pamoja naye au unyamaze, ila mikono ibaki juu mpaka amalize na kumswalia Mtume. Vitabu vya baadaye vya madhehebu vinataja pia kugeuza migongo ya viganja juu unapoomba kuepushwa na shari. Asiyefanya hivyo hajakosa kitu.

Kupangusa uso baada ya kunuti? Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, amesema kauli sahihi ni kutopangusa ndani ya swala. Shusha mikono, nenda sijida.

Sasa jambo linalozua ubishi baada ya salamu. Kunuti na mikono yake havina daraja moja. Kunuti ni katika zile sunna ambazo zikiachwa huungwa kwa sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Kuinua mikono ni sunna ya umbo tu. Ukiiacha, hata kwa makusudi, hakuna sijda. Imamu akisahau kunuti yenyewe, kipimo ni paji la uso: kama halijagusa chini anaweza kurudi kusimama, kama limegusa asirudi. Nimesikia imamu akipigiwa "Subhanallah" akiwa tayari kwenye sijda mpaka akanyanyuka. Tafadhali, mwacheni aendelee.

Nyuma ya imamu wa Kihanafi mpangilio ni mwingine: kunuti kwao ni mwaka mzima, kabla ya rukuu, kwa takbira ya mikono hadi masikioni, kisha hufunga mikono na kusoma. Usishangae ukajiona uko peke yako na viganja juu.

Wavuvi wa dagaa nao wana hali yao. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, wengi hubaki nchi kavu. Mwezi ukipita 15 unachelewa kuchomoza, giza la mwanzo wa usiku linarudi, mitumbwi inaanza kutoka. Basi kunuti huwakuta majini. Witri kwetu ni sunna, inasaliwa kwa kukaa. Ukishanyanyuka kutoka rukuu na kukaa sawasawa, hiyo ndiyo itidali yako. Soma kunuti hapo. Mawimbi yakiyumbisha chombo, shika ubavu wake. Kibla chetu ni kaskazini, kimeelemea kidogo mashariki.

Anayetaka kuichelewesha witri hadi theluthi ya mwisho apige hesabu hii: magharibi ikiingia saa 12:50 jioni na alfajiri saa 11:20, usiku una saa 10 na nusu, theluthi ni saa 3 na nusu, basi theluthi ya mwisho huanza saa 7:50 usiku. Lakini kama ulishasali witri na imamu baada ya tarawehe, usiirudie, kwani hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Sali rakaa mbili mbili bila kunuti, na ukishatoa salamu inua mikono uombe kwa lugha yako, kwa urefu unaoutaka.